TUMCHEKE ASIYETUNZA GARI

Hapana mji katika nchi yetu usiokuwa na mwembe au mwarobaini ambao chini ya kivuli chake magari hutengenezwa na watu huzungumza. Kutoka Gerezani, mjini Dar es Salaam, mpaka vituo vya malori vya Makambako na Tunduma, baraza ni lile lile. Fundi amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Mwanagenzi amesimama na spana mkononi. Na pembeni, juu ya matairi makuukuu, wameketi madereva na wenye magari wakingoja zamu zao, wakinywa kahawa na kutaniana tangu asubuhi mpaka jua linapotua.

Huenda wako watakaosema kwamba gazeti la Chama limekosa la kuandika, hata likaanza kuandika habari za porojo za gerejini. Sisi hatudhani hivyo. Nchi hii hubebwa na magari. Mahindi ya mkulima wa Rukwa, saruji ya mjenzi, dawa za zahanati, mwalimu aendaye kazini na mgonjwa apelekwaye hospitali, vyote na wote wamo mikononi mwa dereva na fundi. Yanayosemwa chini ya mwembe ule ndiyo yanayoamua mara nyingi kama gari litatunzwa au litaachwa mpaka life. Na gari likifa barabarani, mara nyingi haliendi peke yake.

Majuzi tulikuwa katika baraza mojawapo la namna hiyo. Akaja karani mmoja, mtu mpole, na gari lake dogo, akamwomba fundi amwage oili na kutazama breki. Gari lenyewe halikuwa na ugonjwa wowote. Dereva mmoja wa lori, mtu mcheshi, akamdaka kwa sauti: "Bwana Karani, kigari hicho kila mara kliniki! Kina mimba?" Baraza zima likaangua kicheko, na karani naye akacheka kwa haya. Mwingine akadakia: "Mimi langu sijafungua boneti tangu Pasaka, na bado lanipeleka Morogoro na kunirudisha!" Huyo alipigiwa makofi. Ndipo fundi mzee, akiwa bado chini ya gari, akasema pasipo kutoa kichwa: "Afadhali cha Karani kinachokuja kliniki kwa miguu yake, kuliko chako, mwanangu, kitakachokuja kimebebwa." Watu wakacheka tena, lakini mara hii kicheko kilikuwa kifupi.

Tuliondoka pale tukitafakari. Aliyetunza mali yake alichekwa, na aliyeitupa alipigiwa makofi. Basi neno letu la leo ni moja tu: kicheko chetu kimekaa upande usiostahili, nasi hatuna budi kukihamisha.

Hatukuja kuupiga vita utani. Mtu asiyejua utani hawajui watu wa nchi hii. Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, na hata msibani mtani ndiye aliyepewa ruhusa ya kusema neno ambalo ndugu wa damu asingethubutu kulisema. Utani ni baraza lisilo na hakimu. Humwonya mtu pasipo kumvunjia heshima, na aliyeonywa huondoka akicheka ijapokuwa moyoni amechomwa.

Hata katika mambo ya ufundi utani umekuwa shule. Gari linalotoa moshi wa buluu huambiwa limeanza kuvuta tumbaku. Na hapo mwanagenzi hujifunza kwamba oili inapenya kwenye pistoni na kuungua pamoja na mafuta. Linalotoa moshi mweupe usiokoma, hata injini ikiwa imekwisha pata moto, huambiwa linapika chai. Maana yake ni kwamba maji yanaingia ndani ya silinda, na yafaa gasketi itazamwe upesi. Linalotoa moshi mweusi huambiwa linakula bila kutafuna. Kwa kuwa mafuta yanayoingia ni mengi kuliko hewa, na pengine filta ya hewa imejaa vumbi. Kijana aliyeyasikia hayo akiwa na umri wa miaka kumi na sita hatayasahau mpaka uzeeni, wala hakulipa ada.

Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Utani huo huo unaofundisha hugeuka kuwa sumu pale unapomsifu mzembe na kumwaibisha mwangalifu. Na katika mabaraza yetu ya magari sumu hiyo imeenea. Tutaitaja mifano michache, kwa kuwa wako wasomaji wetu ambao maisha yao yamo ndani ya mifano hiyo.

Tuanze na oili. Pana mzaha usemao kwamba oili nyeusi ndiyo iliyokomaa, na kwamba mwenye kuimwaga anamwaga fedha. Ni kweli kwamba weusi peke yake si dalili ya ubovu. Katika injini ya dizeli oili mpya hugeuka nyeusi upesi sana, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kukusanya masizi. Lakini oili ina kazi zaidi ya kulainisha. Hupoza mahali ambapo maji hayafiki, husafisha, na huzuia kutu. Na kadiri gari linavyokwenda, ndivyo inavyobeba vumbi, masizi na tindikali, mpaka hufika siku haina nguvu ya kubeba tena. Kwa oili ya kawaida na njia zetu za vumbi, desturi ya mafundi wengi ni kuimwaga kila kilometa 5,000 pamoja na kubadili filta yake. Mtu anayeongeza tu pasipo kumwaga ni sawa na mtu atiaye kikombe cha maji safi katika ndoo ya matope, kisha akasema amebadili maji.

Wale tuliosomeshwa na wamisionari tunawakumbuka wanawali kumi wa Injili. Watano wao waliitwa wapumbavu, na kosa lao lilikuwa kuchukua taa pasipo kuchukua mafuta ya akiba. Taa walikuwa nazo, na huenda zilikuwa nzuri na zilizong'arishwa sana. Ni wangapi leo wanaoosha gari kila Jumamosi mpaka laonyesha sura ya mtazamaji kama kioo, lakini hawajui kijiti cha kupimia oili kiko upande gani wa injini?

Kisha maji ya rejeta. Wako mafundi, tena wazoefu, ambao kila gari likija kwao huondoa themostati na kuitupa, wakisema kwa kicheko kwamba kidude hicho ni cha nchi za baridi, na sisi jua letu latosha. Dereva huwasifu kwa kumwokoa na gharama. Lakini kidude hicho hakikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto linaloifaa, ambalo kwa injini nyingi ni kama nyuzi 80 mpaka 90 za sentigredi. Kisha hufunguka na kuyaacha yapite. Kikiondolewa, injini hukawia kupata moto, hula mafuta mengi zaidi, na vyuma vyake husagika kabla ya wakati. Na palipotakiwa maji yenye dawa ya kuzuia kutu hutiwa maji ya kisima, ambayo hapa pwani mara nyingi yana chumvi. Baada ya mwaka mmoja au miwili rejeta inaziba, gari linachemsha mlimani, na mwenyewe anatafuta mchawi.

Katika magari ya siku hizi pana jambo jingine ambalo wazee wetu hawakulijua. Injini imewekewa kompyuta, na inapoona hitilafu huwasha taa ya onyo mbele ya dereva. Taa hiyo humwambia mtu: ndugu, nitazame. Lakini tumesikia kwa masikio yetu mtu akijigamba kwamba taa ilimkera usiku, akaibandika gundi ya karatasi. Na mwingine kwamba aliikata waya ili auze gari kwa bei nzuri. Watu walicheka. Sisi tuliona mtu aliyemnyonga mlinzi wake kwa sababu mlinzi alipiga kelele za mwizi. Yule wa pili alifanya baya zaidi, maana alimnyonga mlinzi wa mwenzake.

Hayo yote ni hasara ya mfuko. Sasa tuje kwenye breki, ambako hasara ni ya roho za watu.

Breki ni kifaa cha kuugeuza mwendo kuwa joto. Gari linapokwenda kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, joto linalopaswa kumezwa na breki ili lisimame ni mara nne ya lile la mwendo wa kilometa 40. Dereva anayeongeza mwendo mara mbili ameongeza kazi ya breki mara nne. Hiyo ni hesabu, na hesabu haina utani. Tena mafuta ya breki ya gari dogo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka bila kubadilishwa huwa na maji ndani yake. Na breki zikipata moto sana, maji hayo huchemka na kuwa mvuke, na pedali hushuka mpaka chini pasipo kushika kitu. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Malori makubwa hutumia breki za upepo, nazo pia zina mpaka wake. Ngoma za breki zikiungua kwa kukanyagwa mfululizo, hupoteza nguvu, na upepo uliomo katika mitungi hupungua kila pedali inapokanyagwa.

Kila dereva wa masafa marefu aujua Mlima Kitonga, katika barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, na mteremko wa Sekenke kati ya Singida na Igunga. Mteremko kama huo hushukwa kwa gia nzito tangu mwanzo, ili injini yenyewe izuie gari na breki zipumzike. Lakini dereva akisimama juu ya mlima, akashuka, akagonga matairi, akajaribu breki, kisha akaanza kuteremka polepole, wenzake humpita wakimpigia honi na kumwuliza kama amebeba mayai. Na ashukaye akiwa ametia gia huru, yaani "frii" kama wasemavyo wenyewe, huitwa mjanja ajuaye kubana mafuta.

Ndugu zetu, hata huko kubana mafuta si kweli. Katika injini za kisasa zinazotawaliwa na kompyuta, gari likiwa ndani ya gia na dereva akaondoa mguu kwenye mafuta, injini hukatiwa mafuta na kuzungushwa na matairi tu. Lakini likiwa frii, injini huendelea kunywa ili isizimike. Basi yule mjanja alitumia mafuta zaidi, akaziunguza breki zake, akahatarisha roho za watu waliopanda nyuma yake. Na malipo yake ni sifa ya dakika moja barazani.

Juu ya matairi hatutasema mengi. Upande wa kila tairi, mwishoni mwa herufi zilizochongwa, pana tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka lilipotengenezwa. Ukiona 2314, jua tairi hilo lilitoka kiwandani katika juma la 23 la mwaka 2014. Mtu anunuaye tairi la mitumba kwa kuwa bado lina meno marefu, pasipo kusoma tarakimu hizo, amenunua mpira uliozeeka. Na tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja na kupata moto kila linapozunguka, mpaka linapasuka. Kupima upepo ni kazi ya dakika chache.

Twajua kuna atakayesema: "Mhariri, gari ni langu, likifa litakufa langu." Jibu letu ni hili. Petroli na dizeli zote tunazotumia huagizwa ng'ambo. Spea karibu zote hutoka ng'ambo. Magari yenyewe mengi ni yale yaliyokwisha tumika Japani, nchi ambayo kama sisi huendesha upande wa kushoto, nayo hutufikia yakiwa yamekwisha kula sehemu ya umri wake. Vyote hivyo hulipwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo ni jasho la mkulima wa korosho wa Mtwara, wa kahawa wa Kagera, wa pamba wa Shinyanga, na la mchimba madini. Basi gasketi inayoungua kwa sababu mtu aliona haya kununua kopo la maji ya rejeta imelipiwa kwa kilo za korosho za mtu ambaye hana gari na labda hatakuwa nalo kamwe.

Tena si kila gari ni la mtu. Yako magari ya umma: ya wagonjwa, ya shule, ya halmashauri, ya vyama vya ushirika. Juu ya magari hayo umezuka mzaha mbaya kuliko yote. Likipita kwenye shimo kwa kasi, utasikia: "Likanyage, si la baba yako!" Hilo latutia uchungu. Likiwa si la baba yako, ni la baba yako na la mama yako na la watu wote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo ya nchi maskini, na kwamba watu kwa juhudi na maarifa yao ndio watakaoijenga. Gari la wagonjwa lililolala uani kwa kukosa mkanda wa bei ndogo ni ushahidi kwamba maarifa yalikuwapo na juhudi ilikosekana.

Hata hivyo tusimtwike dereva mzigo wote, maana huo ungekuwa uonevu, na gazeti la wafanyakazi halina haki ya kuwaonea wafanyakazi. Dereva wa daladala hudaiwa hesabu yake kila jioni, gari liwe zima au bovu. Siku ya kutengeneza gari ni siku ambayo watoto wake hulala na uji. Dereva wa lori akimwambia tajiri wake kwamba breki hazishiki sawasawa, mara nyingine hujibiwa: "Kama waogopa, shuka. Wako wengi nje ya lango." Na akishuka kweli, wenzake barazani humwita mwoga.

Hapa ndipo msomaji ataona kwa nini tumelishika jambo hili kwa mikono miwili. Mzaha ule unaomwita mwangalifu mwoga ni mjeledi ambao tajiri mbaya hana haja ya kuununua, kwa kuwa wafanyakazi wenyewe humchapia. Yeye huketi ofisini tu. Baraza lamfanyia kazi yake. Siku dereva mmoja anapokataa kupeleka gari bovu, na wenzake kumi wakasimama upande wake badala ya kumcheka, tajiri huyo atatafuta fundi kabla ya jua kuchwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu lisipelekwe barabarani. Basi dereva anayekataa anaitii sheria ya nchi. Huyo ni shujaa, na yafaa aitwe hivyo hadharani, chini ya mwembe ule ule.

Wapenda magari husema kwamba mwangalifu hashindi mbio. Tutawapa mfano ambao hawataukataa. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika tope na vumbi lililoyala magari kama mchwa alavyo mti. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mtu mmoja aliyejitokeza katika mashindano hayo alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi makanika. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishika gari aina ya Volvo PV544 lililokwisha kutumika, wakalitengeneza kwa mikono yao, na wakawashinda wote waliokuja na magari mapya. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Lakini sisi sifa inayotupendeza zaidi ni nyingine. Katika Safari 22 alizoingia, alifika mwisho mara 19. Mtu hafiki mwisho mara 19 kwa majigambo. Hufika kwa kukaza nati kabla haijalegea.

Nasi tusijifanye watakatifu. Gari letu wenyewe la kusambazia magazeti lilianza kulia kila breki zilipokanyagwa. Tulicheka. Tulisema limejiunga na kwaya, na kila asubuhi tulimwuliza dereva litaimba sauti gani leo. Yeye alituambia mara mbili kwamba pedi zimekwisha, kwa maana pedi nyingi huwekewa kibati kidogo ambacho kazi yake ni kulia pale zinapofika mwisho. Tulimwambia angoje mwisho wa mwezi. Wimbo ukakoma, tukadhani gari limepona. Kumbe chuma kilikuwa kimekwisha anza kula chuma. Tulinunua pedi, tukanunua na sahani zake, na siku mbili magazeti yalichelewa kuwafikia wasomaji. Dereva hakutucheka, ingawa alikuwa na haki. Tunaliandika hili hapa ili tuchekwe, kwa kuwa tulistahili.

Sasa yafaa nini kifanyike? Kwanza, kila gari liwe na daftari lake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika siku ulipomwaga oili, kilometa ulizosoma, pedi ulizobadili, na jina la fundi. Daftari la bei ndogo hulinda injini ya mamilioni, tena siku ya kuuza gari ndilo litakalosema kwa niaba yako.

Pili, waajiri, pamoja na vyama vya ushirika na halmashauri, wawape madereva robo saa kila asubuhi ya kukagua gari kabla ya kuliondoa: oili, maji, upepo, taa, breki. Robo saa hiyo ihesabiwe kuwa ni kazi na ilipwe kama kazi. Anayemnyima dereva robo saa atampa fundi majuma matatu.

Tatu, tuwatazame wanagenzi wetu. Vijana hawa hulala gerejini, hula kwa bahati, na hujifunza kwa kukaripiwa. Kijana akiuliza sababu ya themostati kuwapo, huitwa mjuaji na kutumwa sigara. Twawasihi mafundi wazee, ambao heshima yao ni kubwa kwetu: mjibuni. Na nyinyi vijana, vyuo vya ufundi vya VETA vipo, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoanzishwa mwaka 1975 kipo Mabibo. Yule anayeunganisha mkono wa gerejini na kitabu cha darasani ndiye atakayelitengeneza gari la kesho, ambalo tayari lina kompyuta, na punde litakuwa la umeme.

Nne, na ndilo kubwa, kila mwanachama na kila mfanyakazi asomaye haya, atakapoketi tena juu ya tairi lile kuukuu, asiache kutania. Atanie sana. Lakini yule anayejisifu kwamba hajafungua boneti tangu Pasaka aulizwe kama gari lake limefunga kwaresima. Yule anayeshuka mlima kwa frii aulizwe ameandika wosia kwa nani. Yule aliyeibandika karatasi taa ya onyo aulizwe kama mkewe akimwambia nyumba inaungua, naye atambandika karatasi mdomoni. Acheni vicheko viwafuate hao mpaka nyumbani.

Tuliporudi katika baraza lile baada ya majuma machache, tulimkuta yule wa Pasaka ameketi peke yake. Injini yake ilikuwa imeshushwa, imelala juu ya gunia, vyuma vyake vimetapakaa. Hakuna aliyemtania, maana aliyefiwa hataniwi na kila mtu. Karani alipita na kigari chake, akasimama, akamwuliza kama ahitaji kupelekwa mahali. Wakaondoka pamoja.

Kitunze kikutunze, walisema wazee wetu, na hawakuwa na magari.